Mvua ya Burungu Ilikuwa Siri ya Serikali

Wiki tatu zimepita tangu nirudishe funguo za ofisi, na bado kila asubuhi, saa moja kasoro dakika tano, miguu yangu inanipeleka uani kutafuta kipimo cha mvua ambacho si changu tena. Mke wangu amesema nikikosa cha kupima nipime kuni. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Ninyi vijana mliobaki kazini mliniomba niwaeleze tulivyofanya kazi miaka ya vita, na niliona machoni mwenu kwamba mnatarajia habari za risasi. Risasi zilikuwepo. Lakini mimi nilikuwa mpima mvua wa Burungu, na kilichonisumbua kuliko risasi kilikuwa barua.

Nianze na siku ya kwanza. Papa Anselme, mzee aliyenifundisha kazi, alinikuta nimesimama wima, nimeinamisha kichwa juu ya bilauri ya kupimia kama mtu anayetafuta nzi kwenye chai. Hakunikemea. Alinishika shingo, akanikunja mpaka magoti yakaingia kwenye tope, akasema, "Jicho iwe sawa na maji. Ukiangaliaka toka juu, unasoma mvua ya uongo." Nilikuwa nimevaa suruali mpya ya siku ya kwanza kazini. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amengoja makusudi siku hiyo ya suruali mpya, ili nisisahau.

Kazi yenyewe ni ndogo ukiieleza. Kuna kopo la bati lenye mdomo mpana, limesimama uani mbali na miti. Saa moja asubuhi unamimina kwenye bilauri maji yaliyonyesha tangu jana, unapiga magoti, unasoma, unaandika daftarini, unamwaga maji. Ikiwa kopo ni kavu unaandika sifuri, koma, sifuri. Wapima mvua wengi wavivu wanalala siku za jua na kuandika sifuri kitandani. Papa Anselme alichukia jambo hilo kuliko wizi. "Sifuri iko kazi sawa na zingine," alikuwa akisema. "Unaamuka, unavaa, unaenda kuona kama haiko kitu, unaandika kama haiko kitu. Sasa muntu anaweza kukuamini."

Nje ya ofisi, upande wa barabara, palikuwa na ubao mweusi, na juu yake Papa Anselme alikuwa amepiga mstari mmoja mwekundu kwa rangi ya mafuta. Kila siku kumi alijumlisha mvua akachora nguzo kwa chaki. Nguzo ikiwa chini ya mstari, ardhi haijashiba, ngoja. Ikivuka mstari, panda. Watu walipita wakitoka misani, wakatazama, wakaenda kupanda au kungoja, na wasiojua kusoma waliusoma ubao ule vizuri kuliko mimi. Kwetu Masisi mtu akipanda maharage mapema, mvua mbili za kudanganya zinaotesha mbegu, kisha jua la wiki mbili linaiua yote, na msimu huo nyumbani kwake hakuna cha kuweka sufuriani. Mstari ule ulikuwa unalinda mabeseni ya mbegu ya kilima kizima. Papa Anselme alipostaafu aliniachia ufunguo, chaki nusu, na maneno mawili: "Saa moja."

Kisha vita ikaja, na nyuma ya vita ikaja barua.

Ililetwa kwa pikipiki kutoka Goma. Bahasha ilikuwa imelowa, gundi imeachia, na mwendesha pikipiki, mtu mwenye adabu, aliisoma kwa sauti njiani, pale Kitchanga, ili ajue ni ya nani. Nilipoipokea, mama aliyekuwa akiuza mihogo mbele ya ofisi alinieleza yaliyomo kabla sijaifungua. Ilisema kwamba kwa sababu ya hali ya vita, takwimu zote za hali ya hewa, tarakimu zake, majedwali yake na michoro yake, sasa ni siri ya serikali. Raia anayezihitaji aandike ombi, alipitishe kwa mkuu wa kituo, liende Goma, angoje jibu.

Mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita Chef, alikuwa mtu mpole mwenye kupenda karatasi. Mvua ikivuja ofisini alikuwa akifunika faili kwanza, halafu redio, halafu yeye mwenyewe. Aliniita akanisomea barua mara mbili.

"Adui hapaswe kujua mvua yetu," akasema.

"Chef, adui iko kwa kilima ile ya ng'ambo. Mvua inaanzaka kumunyeshea yeye, njo inakuja kwetu."

Alifikiri kidogo. "Inamunyeshea, ndiyo. Lakini hajue ni ngapi."

Niliapa nikiwa nimeweka mkono juu ya daftari kwamba sitatamka tarakimu wala kuiandikia raia. Chef akapiga kwenye jalada la daftari muhuri mpya uliofuatana na barua, wenye neno moja tu, SIRI. Kisha tukaung'oa ubao, tukaugeuza uangalie ukuta, tukaupigilia misumari minne. Nguzo ya mwisho niliyokuwa nimeichora ilibaki ikitazama matofali.

Sasa nimtaje Mama Sifa, maana bila yeye haya yote yangekuwa malalamiko ya mzee. Alikuwa analima juu ya kilima, mjane, mama wa watoto sita, na Sifa ndiye wa kwanza. Alikuwa ametoka kukimbia vita mara ya kwanza, amerudi na mbegu beseni moja. Beseni moja tu, na hakuna jirani wa kumwazima nyingine kwa kuwa wote walikuwa vilevile. Alifika ofisini, akaukuta ubao umegeuka.

"Papa Bauma, mvua imefika ku mustari?"

"Mama, siwezi kusema. Iko siri."

"Siri ya nani?"

"Ya serikali."

"Serikali nayo inalimaka maharagi?"

"Andika ombi," nikamwambia, na nasema wazi kwamba niliona haya. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu, jibu lake liko pale kwa wino wa buluu, nami nilikuwa nimelifunika kwa mkono kama mwanafunzi anayeficha mtihani.

Mama Sifa si mtu wa kubishana bure. Aliandikisha ombi, Chef akaligonga muhuri, likaondoka kwa lori kwenda Goma. Barabara ilifungwa wiki hiyohiyo. Kwa kadiri nijuavyo ombi lile bado liko njiani.

Baada ya hapo nilianza kumwona asubuhi, saa moja, amesimama nje ya uzio na jembe begani. Alitazama nikimimina, nikipiga magoti, nikiandika, nikimwaga. Siku ya nne akauliza, "Ile maji unatupa, nayo iko siri?"

Nilimwambia angoje. Niliingia ndani nikasoma barua mara tatu, mara ya mwisho kwa kidole. Takwimu, tarakimu, majedwali, michoro. Maji hayakuwemo. Nilirudi uani.

"Hapana, Mama. Ile iko maji tu."

"Basi usitupe. Unipatie."

Kesho yake alikuja na chupa ya bia tupu. Aliiazima kwa Papa Paluku, mwenye duka wetu, mtu wa Butembo aliyekuwa na lori moja na hakukosa misa hata Jumapili ya mizinga. Papa Paluku alimpa chupa kwa sharti la kuirudisha, maana kreti ni ya chupa kumi na mbili na yeye hakupenda kreti yenye tundu. Kwa miaka iliyofuata sikuwahi kumsikia akimsalimia Mama Sifa bila kuulizia ile chupa.

Kila asubuhi nilisoma maji, nikaandika siri yangu, kisha nikamimina maji yale kwenye chupa yake. Siku za sifuri alikuja vilevile na chupa, nikamwonyesha kopo kavu, akaenda. Siku ya kumi aliipeleka nyumbani kuipima. Nyumba yake ilikuwa ya mbao pana zilizopigiliwa zikiwa zimelala, kama nyumba nyingi za kwetu. Aliweka chupa juu ya benchi, akaiegemeza kwenye ubao wa ukuta, na pale maji yalipoishia akakata alama kwa panga. Kisha alimwagia maji nyanya zake na kuanza siku kumi nyingine, alama mpya kiganja kimoja kulia. Chupa ikijaa kabla ya siku kumi, alikata alama ndefu, akaanza tena. Ubao mmoja ulitosha mwaka mmoja.

Lakini alama si mstari mwekundu. Hakujua ni alama ipi inayosema panda, nami sikuruhusiwa kumwambia. Alichofanya ni hiki: msimu ule alipanda ngumi tatu tu za mbegu kutoka kwenye beseni lake. Moja maji yalipofika robo ya chupa, moja yalipofika nusu, na moja yalipofika mabegani, pale chupa inapoanza kubana shingo. Ya kwanza ilikauka. Ya pili ilikuwa ya kuhurumiwa. Ya mabegani ilisimama. Alipoiona imesimama alipanda beseni lililobaki, na msimu huo watoto sita walikula. Nilikwenda kuangalia mara nyingi kuliko kazi yangu ilivyodai. Nimeona wataalamu wakifika kwa magari mawili kufanya jambo hilohilo, na walikuwa na kofia.

Msimu uliofuata kilima kizima kilimuuliza Mama Sifa. Walikuja kutazama ukuta wake, na siku chupa ilipofika mabegani Burungu yote ilipanda kwa siku moja. Hilo ndilo kosa tulilofanya. Hakuna kinachomtisha mkuu wa kituo kama watu mia wanaoinua majembe asubuhi moja bila barua.

Chef aliniita. "Ulisema?"

"Sikusema."

"Uliandika?"

"Sikuandikia muntu."

"Basi bamejuaka namna gani?"

Mama Sifa akaitwa. Alikuja na chupa, akaiweka mezani juu ya faili, Chef akaihamisha haraka na kufuta duara la maji. "Mimi niliomba maji," akasema. "Papa Bauma hajaniambia kitu. Hata habari za asubuhi anasalimiaka na woga."

Chef alisoma barua ya siri tena, kwa sauti, akitafuta maji. Alipoyakosa aliumia kweli, nilimwona. Mwishowe alisema lazima aulize Goma kama maji yamo, na mpaka jibu lije maji ya kipimo yatahifadhiwa ofisini chini ya kufuli. Yaliletwa mapipa? Hapana, pipa moja, la mafuta, tukalisafisha na majivu. Kila asubuhi nilipima, nikaandika, nikaenda kumwaga siri ya serikali ndani ya pipa, Chef akalifunga kwa mnyororo na kuweka ufunguo shingoni. Mbu wa Burungu wote walihamia ofisini.

Jibu halikuja. Kilichokuja ni msimu wa kupanda. Mbegu zilikuwa kwenye mabeseni, mawingu yanapita, manyunyu yanadondoka na kukoma, na hakuna aliyejua kama ardhi imeshiba. Wengine walianza kusema wapande tu kwa bahati. Mama Sifa aliketi mbele ya ofisi, beseni mapajani, na mimi nilipita mbele yake mara nne kwa siku. Sikupata kulala vizuri wiki ile. Nilifikiria kumwambia. Nilifika hadi kufungua mdomo, nikaufunga.

Aliyetuokoa ni mke wa Chef. Madamu naye alikuwa na shamba la maharage nyuma ya kituo. Alimwendea Mama Sifa kuuliza kama apande, Mama Sifa akamjibu kwa heshima zote, "Madamu, siye hatujue. Maji iko kwa shingo ya bwana yako." Sijui nini kilisemwa nyumbani kwa Chef jioni ile. Asubuhi alifika ofisini amevaa shati la jana, akakaa, akaandika karatasi mwenyewe kwa mkono, akaigonga muhuri mara mbili. Ilisema kwamba maji yakishasomwa ni taka ya ofisi. Taka ya ofisi ni lazima itupwe kila siku kwa ajili ya usafi. Na mahali rasmi pa kutupia taka ya ofisi ya Burungu ni chupa ya Mama Sifa.

Kiangazi kilikuwa kimelikausha pipa, kwa hiyo maji yaliyokuwemo yalikuwa mvua ya siku nane tu. Tuliyamimina kwenye chupa kwa faneli, pamoja na viluwiluwi vya mbu, tukangoja siku mbili zilizobaki. Yalifika mabegani na kidogo zaidi. Kilima kilipanda, na Madamu alikuwa wa kwanza.

Miaka mitatu tulifanya kazi hivyo, na nawaambia vijana kwamba ilikuwa miaka yangu mizuri. Kisha mapigano yakafika Burungu penyewe, na safari hii hatukuwa na nusu siku. Watu wa kwetu wakikimbia wanang'oa nyumba. Si wazimu, mbao ni ghali, na huko uendako hakuna mtu atakayekupa ukuta. Nilimwona Mama Sifa na watoto wake wakishuka na nyumba yao vichwani, kila mtu na fungu lake la mbao. Mimi nilibeba madaftari matatu, kopo na bilauri ya kupimia, nikaelekea Walikale.

Pale Mpofi palikuwa na bariyeri, kamba iliyofungwa njiani na watu wenye bunduki pembeni. Komanda wao alifungua mzigo wangu, akaona neno SIRI kwenye madaftari, na uso wake ukachangamka. Akafungua, akasoma kwa sauti: "Tarehe tano, makumi mbili na nane koma ine. Tarehe sita, sifuri. Tarehe saba, tatu koma moja." Akanitazama. "Hii dhahabu iko wapi?"

Walikale mtu akiandika tarakimu yenye koma anapima dhahabu. Sikulijua hilo. Nilikuwa na njia mbili: kuvunja kiapo, au kuwa mfanyabiashara wa dhahabu asiye na dhahabu, na mtu wa namna hiyo hupigwa sana.

"Ni mvua, komanda."

"Mvua ya nani?"

"Ya Burungu."

"Na juu ya nini imeandikwa siri?"

"Hata siye tulijiuliza."

Hakuamini. Aliniambia nisimike kopo pale pale tuone. Walikale, ninyi mnajua, huhitaji subira, ilinyesha alasiri. Asubuhi saa moja nilimimina maji kwenye bilauri, nikampa aisome, akainama kutoka juu. Mazoea ni mabaya. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshasema, "Jicho iwe sawa na maji." Komanda akapiga magoti kwenye tope, bunduki mgongoni, akasoma, na watu wake hawakujua waangalie wapi. Alisoma sawasawa. Alikuwa na jicho zuri, angefaa kazini.

"Njo mvua," akasema akiinuka. Kisha akachukua madaftari yangu yote matatu. "Kama iko siri, muntu wa kawaida hawezi kuzunguka nayo mu njia. Siri inabaki na komanda." Niliomba angalau risiti. Alinipa, ninayo mpaka leo: Nimepokea mvua ya Burungu, miaka mitatu. Kopo alinirudishia, na bilauri ndani yake, kwa kuwa aliona ni sufuria mbaya.

Niliendelea hadi Pinga, nikakaa huko, nikalima kidogo na kupima mvua kwa ajili ya nafsi yangu. Siku moja sokoni nilinunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi yenye mwandiko wangu. Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa pili, umelowa mafuta. Mama muuza karanga alisema karatasi hizo zinatoka Mpofi na ni nzuri, hazipasuki. Niliketi pembeni nikala karanga, nikacheka, kisha nikalia kidogo. Takwimu zangu zilikuwa zimewafikia raia.

Tulirudi Burungu hali ilipotulia. Chef alikuwa amehamishwa. Ubao ulikuwa bado umegeukia ukuta, misumari yake minne imeshika kutu. Nilisimika kopo mahali pake, na siku hiyohiyo Papa Paluku alifungua duka na kuniuliza kama nimeona ile chupa.

Kisha wakubwa wa Goma wakaandika. Wanachora kalenda mpya ya kupanda, wanahitaji mvua zetu za miaka ya vita, na Burungu wasipotuma watatumia zile za Walikale. Nilisoma mstari huo mara nyingi. Walikale ni msitu, mvua haikauki. Kalenda ya Walikale ikiletwa kwetu ingewaambia watu wa kilima wapande muda wowote wapendao, kwa muhuri wa serikali, na mabeseni yangekwisha msimu mmoja. Nami nilichokuwa nacho ni risiti ya komanda.

Nilipanda kilima. Nyumba ya Mama Sifa ilikuwa imesimama tena, mbao zilezile.

"Mama, naomba kuona alama zako za mvua."

Aliendelea kupepeta maharage. "Andika ombi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilikwenda ofisini nikaandika, nikarudi. Aliigeuza karatasi pande zote mbili. "Na kashe?" Kwetu muhuri ndio kashe. Muhuri pekee uliokuwa umepona vita ofisini ulikuwa ule wa SIRI. Nikaugonga. Mama Sifa aliridhika, akakunja ombi langu akaliweka kifuani, akasema nitapata jibu baada ya siku kumi.

Siku ya kumi alinijibu: nione, lakini nikishamaliza nigeuze ule ubao uangalie barabara. Nilimwambia barua ya siri haijafutwa. Akasema hata yeye ombi lake la Goma halijajibiwa, kwa hiyo tuko sawa. Nilikubali, na huo ndio uasi pekee wa maisha yangu ya kazi.

Majirani walikuwa wamemjengea kwa siku moja, na hakuna aliyefikiri kwamba wanapigilia miaka. Mwaka wa kwanza ulikuwa jikoni, umefunikwa na masizi. Wa tatu ulikuwa kwenye zizi la mbuzi, na mbuzi walikuwa wameguguna mwezi wa kumi na mbili. Ubao wa pili ulikuwa juu ya mlango, na ulinitesa: kiangazi chake kilikuwa na mvua kuliko mwezi wa nne. Nilikaa nao asubuhi nzima nikidhani Mama Sifa alikosea. Mwishowe niligeuka, nikainama, nikautazama kati ya miguu yangu, na mwaka ukakaa sawa. Walikuwa wameupigilia kichwa chini.

"Papa Bauma," akasema Mama Sifa, "ile njo jicho sawa na maji?"

Kubadilisha alama kuwa tarakimu kulihitaji chupa, na ya kwake ilikuwa imevunjika njiani. Papa Paluku akatoa stoo kreti ileile yenye tundu. Chupa kumi na moja, dada zake kabisa, amezihifadhi vita nzima zikingoja ya kumi na mbili. Aliniazima moja kwa kuandikisha. Kwa siku tatu nilijaza chupa mpaka kwenye kila alama, nikamimina kwenye bilauri, nikapiga magoti, nikasoma miaka yangu mitatu. Siku kumi zile za karanga zilikuwemo, nilizikumbuka. Nilizituma Goma. Mahali pa kuandika jina la chombo niliandika: chupa, ubao na panga. Hakuna aliyeniuliza. Kalenda ilipotoka, Masisi ilikuwa na misimu yake yenyewe.

Sikugeuza ubao mara moja. Nilikuwa mwoga, niseme nini. Niliahirisha msimu mmoja, kisha mwingine, ikawa miaka, na kila tulipokutana Mama Sifa alitazama ukuta wa ofisi, halafu mimi. Niliugeuza wiki yangu ya mwisho kazini, nikapaka mstari upya, mwekundu.

Siku yangu ya mwisho iliangukia siku ya kumi. Mawingu yalikuwa yametishia siku nne, na watu walikuwa wamechoka kungoja. Walikuja na mabeseni kabisa, wamejaa barabarani, tayari kutoka pale moja kwa moja hadi shambani. Mama Sifa alikuwa mbele, nywele zake nyeupe sasa, ameketi juu ya jiwe. Saa moja nilimimina, nikapiga magoti, nikasoma, nikaandika. Nikajumlisha. Nikachora nguzo, ikaishia vidole viwili chini ya mstari. Wale wa nyuma walipiga kelele kwamba hawaoni, niseme kwa mdomo. Sikuwa nimewahi kutamka tarakimu mbele ya raia tangu siku ile niliyoapa.

"Leo asubuhi," nikasema, "sifuri."

Mama Sifa alinitazama kutoka kwenye jiwe lake.

"Miaka hii yote," akasema, "ulikuwa unatufichaka hii?"

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini, nami nikacheka nao huku machozi yakinitoka, nikamwambia kwamba siku nyingine zilikuwa na koma. Aliinuka polepole. Alitazama nguzo, akatazama mstari, akapima kwa macho vile vidole viwili. Kisha akafunika beseni kwa kitenge, akalirudisha kichwani na kupanda kilima nalo likiwa limejaa, na wengine wakamfuata.